Niko Kisumu na elfu 50: nichukue kamera ya Canon 4000D mpya dukani ama 700D ya mtumba?

kijana_wa_mamboleo

Wadau habari zenu. Naomba mnisaidie kabla sijatoa pesa maana nikishatoa imeenda. Mimi nimekuwa nikipiga picha na simu na sasa karibu kila mtu akiwa na shughuli ananiita, kwaya ya kanisa, watoto wakifunga shule, na Jumapili pale Dunga watu wakimaliza kula samaki wanataka picha ziwa likiwa nyuma. Binamu yangu anaoa mwezi wa kumi na mbili huko Siaya na familia imeshasema picha ni mimi, halafu mjomba naye anasema kukiwa na mazishi pale kijijini atakuwa ananiunganisha badala ya kuita mtu kutoka taun. Kwa hivyo nataka DSLR yangu ya kwanza, zile kamera kubwa za kubadilisha lenzi. Nimechanga elfu 50 na sitaki kukopa hata shilingi juu yake.

Kuna duka hapa taun wananipa Canon 4000D mpya kwa boksi, na lenzi ya 18-55, begi, stendi ya miguu mitatu, memori kadi na zile lenzi ndogo mbili za kufunga mbele, yote 48 na waranti ya mwaka. Upande mwingine kuna jamaa Nakuru anauza Canon 700D ya mtumba na 18-55 STM, anataka 30 lakini anasema tunaongea. Na kuna mwingine ana Nikon D7100 bodi tu bila lenzi, 35. Rafiki yangu anasema kununua mtumba ni kununua shida za mtu. Mimi naona mpya ni mpya, lakini pia nimeona watu wakisema hiyo 4000D ni ya chini sana?? Na video nayo wataitisha, siku hizi kila mtu anataka kitu ya kuweka status. Nisaidieni jameni.

Nakuru_Flashi

Mdogo wangu hiyo kombo iache hapo hapo dukani. Begi, stendi na hizo lenzi za kufunga mbele ndio zinafanya ionekane umepewa vitu mingi, lakini hizo za kufunga mbele kazi yake ni kuharibu picha pembeni tu, na hiyo stendi ukiweka kamera na flashi juu yake inaanza kuinama yenyewe ukiangalia.

4000D yenyewe Canon waliitoa 2018 ikiwa ya chini kabisa kwa DSLR zao na mahali walipunguza gharama utapaona ukiishika tu. Ringi ya kufungia lenzi ni plastiki, si chuma. Skrini ni ndogo na haifunguki kando. Hakuna kale kagurudumu ka kurekebisha macho kando ya kitundu cha kuchungulia, sasa kama unavaa miwani jipange. Megapikseli ni 18, na hiyo 700D iliyotoka 2013 nayo ni 18, kwa hivyo usidhani ukilipia mpya kuna kitu umeongeza hapo. Na bado 700D iko na skrini ya kugusa inayofunguka na kugeuka, inapiga picha 5 kwa sekunde hii ingine inapiga 3, na iko na tundu la kuchomeka maiki. 4000D haina tundu la maiki kabisa na wewe mwenyewe umesema video wataitisha.

Lakini kitu ingenifanya mimi nisiiguse ni hapo juu mahali unafunga flashi. Ukiangalia kamera nyingine utaona hapo kuna pini kubwa katikati na zingine ndogo ndogo zimeizunguka. Hiyo ya katikati ndio inaambia flashi waka sasa. Kwa 4000D Canon waliondoa hiyo pini ya katikati, zimebaki hizo ndogo peke yake ambazo ni lugha ya flashi za Canon. Sasa flashi zetu sisi watu wa kawaida, Godox TT600, Yongnuo YN560, zote za kurekebisha na mkono, zinangoja ile pini. Unafunga, taa ya nyuma inawaka vizuri kabisa, unabonyeza, na flashi imenyamaza. Usikimbilie 2000D pia ukidhani umetoroka, hiyo nayo haina pini na 250D vile vile. Muulize huyo wa duka akufungie TT600 kwa hiyo 4000D uone atasema nini.

Pesa zako ningezigawa hivi. Huyo wa 700D mshushe mpaka 27 ama 28. Tafuta lenzi ya 50mm f/1.8 STM ya mtumba, ile inayoingiza mwanga mwingi, ukibahatika utaipata kwa 10 hivi, ama ile ya Yongnuo. TT600 haifiki 9 ukitafuta vizuri. Inayobaki ni memori kadi mbili za kweli na betri ya pili. Hapo uko na kitu inaweza kufanya kazi ya pesa kuanzia wikendi hiyo hiyo, badala ya kamera mpya na lenzi moja yenye haiwezi kuona ndani ya kanisa.

Ja_Nikon_254

Omera mbona hakuna mtu anaongea juu ya D7100? Hiyo ni kamera ya daraja lingine kabisa. Fokasi pointi 51, megapikseli 24, bodi imezibwa vumbi na unyevu, shata yake (kale kapazia ka ndani kanakofunguka kila ukipiga picha) ilipimwa kwa mapigo 150,000 na hiyo 700D ni 100,000. Halafu iko na mota ya fokasi ndani ya bodi, maanake hata lenzi za zamani za Nikon zile za AF-D zinajifokasi zenyewe. Ukinunua D3500 ama D5600 hiyo 50mm ya zamani ya bei rahisi utakuwa ukizungusha na mkono.

Na kubwa zaidi, iko na nafasi mbili za memori kadi. Picha moja inaandikwa pande zote mbili wakati huo huo. Kadi ikikufia katikati ya harusi ya binamu yako utamwambia nini, wafunge ndoa tena?

MamaStudio_Kisumu

Hiyo ya kadi mbili ni kweli na sibishani. Lakini mtoto ana 50. Akitoa 35 ya bodi tupu amebaki na 15, hapo anunue lenzi, flashi na kadi, na bado D7100 ukiiwekea video inatafuta fokasi ikienda mbele ikirudi nyuma mpaka bibi harusi amepita. Hiyo kamera ni ya mtu ambaye tayari ana lenzi za Nikon kwa sanduku.

Sikiza mwanangu. Mimi nina studio ndogo hapa na watoto wengi wa kamera wanapita kwangu, swali la kwanza huwa nawauliza si bodi gani, ni kwamba wenzako mnaofanya nao kazi wana nini? Kama marafiki zako watatu wako na Canon basi wewe ni mtu wa Canon, mambo kwisha. Maana siku utapata kazi ya shule na unahitaji lenzi ndefu, utaazima 55-250 ya mtu jioni na kuirudisha kesho. Betri yako ikiisha kuna mwingine ana LP-E8. Charja yako ikisahaulika nyumbani kuna ingine. Hapa kwetu watu wanasaidiana vifaa kuliko kununua, na ukiwa na Nikon peke yako katikati ya watu wa Canon utakuwa unaangalia tu. Na kama kundi lenu ni la Nikon, hayo yote niliyosema yageuze.

Sasa juu ya lenzi. Hiyo 18-55 usiidharau, ndiyo utapigia familia yote ikiwa imejipanga mbele ya nyumba, mistari mitatu na watoto wamekaa chini. Lakini ukiivuta mpaka 55 apacha yake, yaani tundu la kupitisha mwanga, inafunga mpaka f/5.6. Ile 50 inafunguka mpaka f/1.8, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Ukipiga hesabu hiyo ni mwanga karibu mara 10. Ndani ya kanisa saa kumi jioni, ama kwenye kesha mahali kuna taa moja ya jenereta, hiyo mara 10 ndiyo picha kuwa picha ama kuwa kivuli. Uzuri mwingine nyuma inayeyuka, watu wanapenda sana hiyo, watakuuliza umetumia programu gani.

Ila ujue kwa hizi kamera za sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) 50 inakuwa kama 80, kwa hivyo kwa sitingi rumu ya kijijini utarudi nyuma mpaka mgongo uguse kabati na bado umekata mtu miguu. Hapo rudisha 18-55 na uweke flashi.

Flashi nayo ina adabu yake. Kwenye nyumba yenye dari nyeupe unaielekeza juu na mwanga unashuka kama wa dirisha, mzuri. Kanisa la mabati lisilo na dari hakuna kitu inarudi, huko juu ni mbao na giza. Elekeza kwa ukuta mweupe kama uko karibu, ama funga karatasi nyeupe ngumu nyuma ya flashi isukume mwanga kidogo mbele. Na tenti! Tenti za harusi zetu siku hizi ni za kila rangi. Ukielekeza flashi juu kwa tenti ya zambarau, bibi harusi na gauni lake lote ni zambarau, na kwa kompyuta hutamaliza kurekebisha. Tenti ikiwa nyeupe piga juu bila wasiwasi, ikiwa ya rangi elekeza mbele na upunguze nguvu. Mwombe mwenye shughuli mapema meza ya keki iwekwe ukingoni mahali mwanga wa nje unafika.

simu_tosha

hizi zote za nini na DSLR zenyewe zinaisha? Canon na Nikon wote wamehamia mirales (kamera zisizo na kioo ndani) tangu 2018. chukua mirales ya Canon M50 ya mtumba uendelee na maisha, fokasi ya macho inayoshika macho ya mtu yenyewe, video safi, nyepesi. ama baki na simu uweke hiyo 50 kwa biashara ingine 😂

Nakuru_Flashi

Simu_tosha ni kweli zinaisha na ndio maana bei imeshuka, hiyo ndiyo nafasi yake sasa. Watu wanaohamia mirales wanauza vizuri kabisa. Na lenzi ya EF, zile za DSLR za Canon, anayonunua leo haipotei, siku akiwa na pesa ya Canon R yoyote, mirales zao za sasa, anaweka adapta na 50 yake inafanya kazi kama kawaida. M50 nayo lenzi zake ni za EF-M, na hizo haziingii kwa R hata na adapta. Canon wenyewe waliachana na huo mlango.

Halafu betri. M50 kwa vipimo vya kiwanda ni picha 235 kwa chaji moja. 700D ukitumia kitundu cha kuchungulia ni 440. Na kama mnataka kuona maajabu, Nikon D3500 ni 1,550. Huyu kijana anaenda Siaya ndani kupiga mazishi kuanzia saa moja asubuhi mwili ukitoka mochari mpaka jioni wageni wakienda, stima ikipotea amekwama. Fokasi ya macho ni nzuri lakini kamera iliyozimika haina macho.

Mwalimu_wa_Ingo

Naona mmemaliza mambo ya kununua, mimi niongeze moja ya kutumia, kwa sababu kijana atanunua na wiki ya kwanza atarudi hapa kusema kamera ni mbovu.

Mimi napiga sana kule msitu wa Kakamega, mbega hasa, wale weusi na weupe. Mbega ni mnyama wa kukufunza mwanga kuliko kitabu chochote. Ana manyoya meusi tii na nyeupe safi kwa mwili mmoja, nyuma yake ni majani yenye jua linapenya. Kamera ikiachiwa ijiamulie inaona lile jua la nyuma na ule weupe, inaogopa, inapunguza mwanga, na uso wa mnyama unakuwa shimo jeusi tu bila macho. Kamera haijui unapiga nini, yenyewe inajaribu kila kitu kiwe kijivu cha wastani.

Sasa toa mbega weka bwana harusi wetu mweusi vizuri, amevaa shati jeupe, amesimama na bibi mwenye gauni jeupe mbele ya ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa. Shida ni ile ile. Gauni litatoka zuri na nyuso zote zitakuwa giza, na ndugu wa bwana harusi watasema umewafanya weusi. Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, +/-. Ukiwa kwa Av (wewe unachagua apacha, kamera inachagua kasi) shikilia hicho kitufe na uzungushe gurudumu upande wa kujumlisha, nusu stopu mpaka moja (stopu moja ni mwanga mara mbili), piga tena, angalia uso wala si gauni. Kwa vitu vyeusi vingi unafanya kinyume, mfano kwaya imevaa majoho meusi jukwaani, kamera itaongeza mwanga mpaka nyuso ziungue, hapo toa kidogo.

Na piga RAW (faili ghafi isiyobanwa na kamera) pamoja na JPEG (picha ya kawaida) mpaka uwe na uhakika na mkono wako. JPEG unampa mteja jioni hiyo hiyo kwa WhatsApp, RAW inakuokoa uso ukiwa giza. 700D faili moja ya RAW ni kama MB 23 hivi, kwa hivyo kadi ya GB 32 bado inakula zaidi ya elfu moja ukipiga RAW peke yake, ukichanganya na JPEG inapungua.

Kama utapita huku Ingo, yaani Kakamega, siku moja kuja kupiga mechi Bukhungu niambie, ingawa kwa mpira utahitaji lenzi ndefu na kasi ya shata isiyopungua 1/500 ya sekunde, jua likianza kushuka 18-55 haitakufaa.

kijana_wa_mamboleo

Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Ile ya flashi nilienda kuuliza dukani leo na yule dada akaniambia inafanya kazi na flashi zote, nikamwambia basi tufunge TT600 tuone, akasema hiyo imeisha stoki 😂😂 na ilikuwa kwa shelfu nyuma yake.

Kwa hivyo naenda na 700D. Kundi letu la kwaya wapiga picha wawili wako na Canon so hiyo imejijibu. Jamaa wa Nakuru anasema nimtumie nusu kwa M-Pesa anitumie na gari, akipata nusu ingine anafungua mzigo. Amenitumia picha ya mfano pia kwa WhatsApp, nikaiweka kwa ile tovuti ya kuangalia shata imepiga mara ngapi, haileti kitu. Ananificha?

Nakuru_Flashi

Usitume hata mia. Nauli ya Kisumu kuja Nakuru ni ndogo kuliko hiyo nusu, panda gari uje.

Hiyo ya shata hakufichi. Kwanza WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida inaibana na kufuta zile habari zote za ndani, mwambie atume kama dokyumenti. Pili hata akituma hivyo, Canon nyingi haziandiki hesabu ya shata ndani ya picha, Nikon ndio zinaandika. Canon unasoma kwa kebo ya USB na programu kwa laptopu. Mimi niko Section 58, nikiwa sina kazi siku hiyo nitakuja na laptopu tukutane hapo Kenyatta Avenue mahali kuna watu na chai. Ikiwa chini ya elfu 40 ni nzuri, ikiwa imepita 80 mshushe bei sana ama uende.

Ukiishika sasa, hata kabla hujawasha, angalia kiatu cha flashi, pale juu mahali flashi inafungwa. Rangi ikiwa imekwaruzika mpaka chuma kinang'aa hiyo kamera imefanya harusi nyingi hata kama yeye anasema ilikuwa ya mke wake ya kupiga watoto. Pitisha kidole kwa ile raba ya kushikia, isiwe imevimba ama inanata. Fungua mlango wa betri na wa kadi, funga, visilegee. Fungua skrini izungushe yote huku ikiwa imewashwa, ikizimika ukifika pembe fulani kuna waya inakatika hapo kwa bawaba. Gusa skrini pembe zote nne.

Halafu lenzi. Itoe, washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma huku unachungulia mbele. Vumbi kidogo ni kawaida isikutishe. Unachotafuta ni nyuzi nyuzi nyembamba zimetambaa kama utando, hiyo ni fangasi, na lenzi ya fangasi hata ya bure usipeleke Kisumu kwa ule unyevu wenu wa ziwa, itachanua.

Vumbi ya sensa unaangalia hivi: weka Av, apacha f/22, ISO 100, elekeza anga ama ukuta mweupe, piga bila fokasi, kisha zuumu kwa skrini utembee picha yote. Madoa meusi yaliyofifia ni vumbi na inasafishika. Mstari ama alama kali ambayo haifutiki, acha. Piga picha kumi mfululizo usikie shata, isikwamekwame. Fungua kaflashi kake ka ndani kawake. Fokasi kwa kila pointi ya zile 9, moja moja. Rekodi video dakika kumi uone kama inazima yenyewe, na uchomeke maiki ama hata spika ndogo kwa lile tundu uone kama haijalegea.

Na usisahau mambo ya risiti, kama ana boksi namba ya boksi ilingane na namba iliyo chini ya kamera. Kama hana boksi muombe kopi ya kitambulisho na muandikiane, mtu mwaminifu hakatai. Ukiona imeandikwa Rebel T5i ama Kiss X7i usishtuke, ni 700D hiyo hiyo, jina la Marekani na la Japani.

Ja_Nikon_254

mmempoteza kijana lakini sawa 😂 akija Menengai na hiyo 700D tupige pamoja bado nitampatia maji

kijana_wa_mamboleo

Wadau imeingia! 27 na nusu, shata ilikuwa 31 elfu na kitu, lenzi safi, kaboksi kapo na namba zimelingana. Asante sana kaka Nakuru_Flashi kwa kuacha kazi zako, na jamaa mwenyewe alikuwa mtu mzuri tu, anahamia mirales. Jioni nilipita Hippo Point nikapiga jua likizama, watu wakaanza kuniuliza ni pesa ngapi kabla hata sijajua kufunga lenzi vizuri.

Swali la mwisho halafu niwaache. Memori kadi. Kuna mtu anauza za GB 128 hapa karibu na stejini kwa 800. Nichukue mbili?

MamaStudio_Kisumu

Hapana, hapana, hapana. 128 kwa 800 hiyo ni kadi ya GB 8 imeandikiwa uongo. Itakubali picha zote bila kulalamika, ikijaa ya ukweli inaanza kuandika juu ya hewa, ukifungua nyumbani picha za kwanza zipo na zilizobaki ni faili tupu za kijivu. Na hutajua mpaka harusi imekwisha.

Chukua mbili za GB 32 kutoka kwa mtu anakupa risiti. Moja sherehe ya kanisani, ingine ya ukumbini, usijaze moja tu. Halafu kabla hujazipeleka kazini ziangalie na H2testw kwenye kompyuta ya Windows, ni ya bure, inajaza kadi yote na kuisoma tena ikuambie ukweli wake, inachukua muda kwa hivyo iache usiku. Kama huna kompyuta zilete studio Jumatatu asubuhi kabla wateja wa passport hawajajaa, na uje na hiyo kamera nikuonyeshe +/- ya mwalimu kwa mtu wa kweli, kijana wangu wa kazi atasimama na koti jeupe.